Kabla ya mtalii, mtoto wa Mtwara apande wimbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu, mkazi wa Lindi, aliyeandika wiki mbili zilizopita akipinga wazo la kuanzisha mafunzo ya kupanda mawimbi kwa ubao katika fukwe za mikoa yetu ya Kusini. Hoja yake ilikuwa kwamba huo ni mchezo wa wageni wenye fedha, kwamba hauna asili kwetu, na kwamba mvuvi wa Lindi au wa Mtwara hatapata chochote kutokana nao isipokuwa kufukuzwa kwenye diko lake, pale anapopandishia chombo chake. Hofu yake hiyo ya mwisho naielewa na nitairudia. Mbili za kwanza nazikataa, na nazikataa kwa sababu ya jambo nililolipitia mwenyewe mwezi Juni mwaka huu.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Mtwara. Nimezaliwa Mikindani, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa mshipi. Nyumba yetu ilikuwa karibu sana na maji, hata wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, tulilala tukisikia mawimbi yakigonga ukuta wa jirani. Pamoja na hayo nilifika umri wa miaka 43 nikiwa sijui kuogelea zaidi ya kujitupatupa katika maji ya kiunoni. Kaka zangu walijifunza kwa kufuatana na baba. Sisi wasichana tuliruhusiwa kwenda pwani maji yakiwa yamekupwa, tukaokota chaza na kombe, na yalipoanza kujaa tuliitwa nyumbani. Wazazi wetu walitulinda kwa njia waliyoijua, na siwalaumu. Lakini nataka msomaji aelewe kwamba ninayeandika barua hii ni mtu wa pwani ambaye bahari aliijua kwa macho tu.

Shule zilipofungwa, mimi na mume wangu tulikwenda Unguja kupumzika kwa siku nane. Tulifikia upande wa mashariki, Paje, kijiji kinachojulikana zaidi kwa wale wanaovutwa na tiara kubwa juu ya maji kuliko kwa wapanda mawimbi. Asubuhi ya pili nilimkuta kijana mmoja akisuuza mbao zake ndefu mbele ya banda la makuti, nikamuuliza bei. Mtu akijifunza katika kikundi cha watu watano alilipa nusu ya bei ya anayefundishwa peke yake. Nilichagua kufundishwa peke yangu, kwa shilingi 100,000 kwa saa moja na nusu, kwa sababu mbili: sikupenda kuanguka na kuinuka mbele ya wanaume nisiowajua, ingawa nguo nilizovaa zilinifunika mwili mzima na kichwa; na, sababu iliyokuwa kubwa zaidi, nilikuwa naogopa.

Kijana yule, mzaliwa wa Makunduchi, hakupokea fedha kwanza. Alisema, "Mama, nioneshe unavyoogelea, halafu ndipo tuzungumze bei." Aliingia majini pamoja nami hadi maji yakanifika kifuani, akaniambia nilale chali na nisifanye lolote mpaka ahesabu sitini. Nilipofika thelathini miguu ilishuka. Akanifundisha kuinua kidevu, kujaza kifua pumzi na kuacha masikio yazame, nikarudia, nikafika sitini. Kisha akanitaka niogelee kuelekea ufukweni kwa namna yoyote niliyoiweza. Tulipotoka aliniambia bila kunificha kwamba mtu wa kiwango changu hampeleki mahali ambapo maji yanapita kiuno, na kwamba kama nilikuwa na matumaini ya kufika kwenye mwamba wa nje siku hiyo, nisimpe fedha zangu. Nimefundisha kwa miaka 18 na ninamtambua mwalimu ninapomwona. Huyu alikuwa mwalimu.

Nusu saa ya kwanza haikuwa ya maji hata kidogo. Alichora umbo la ubao kwenye mchanga, akapitisha mstari katikati, akaniambia nilale juu yake kifudifudi, vidole vya miguu vikigusa mkia, kifua kimeinuliwa. Mikono inakaa chini ya mbavu, kama mtu anayetaka kujisukuma kutoka sakafuni, kisha mwili unaruka kwa mara moja na miguu inatua juu ya ule mstari, mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamekunjwa, macho yanatazama unakokwenda na wala si vidole vyako. Ili kujua mguu upi ungetangulia, alimwomba mume wangu anisukume taratibu kutoka nyuma nikiwa sina habari. Mguu wa kushoto ndio uliotangulia kunizuia nisianguke, hivyo kamba ya ubao ikafungwa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ule unaobaki nyuma. Naomba niseme hapa kwamba niliithamini heshima ile ya kumwomba mume wangu anisukume badala ya kunigusa yeye mwenyewe. Mwanamke wa pwani anayesoma barua hii atanielewa, na atakayetaka kufundisha wanawake wa kwetu ayaweke akilini mambo kama haya.

Ubao wenyewe ulikuwa wa futi tisa, mpana, wa sponji laini juu na pembeni. Nilidhani mrefu ni wa mabingwa, kumbe ni kinyume: ubao mrefu na mpana huelea zaidi na hautikisiki sana, ndiyo maana humfaa anayeanza, na ule mfupi mwembamba tunaouona kwenye picha humfaa aliyekwisha kuzoea. Ulaini wake ni kwa ajili ya kichwa cha mwanafunzi. Chini kuna mapezi matatu yanayokata. Kwa hiyo nilifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kusimama: uanguke ubavu au mgongo, usiende kwa kichwa, kwa kuwa hujui kina, ukiwa chini ya maji ufunike kichwa kwa mikono miwili, ukiibuka utangulize mkono, maana ubao unaweza kuwa juu yako, na kamwe usiuweke ubao kati ya kifua chako na wimbi linalokuja. Alinirudisha kwenye mambo hayo manne mpaka nikayasema bila kufikiri.

Halafu alinikalisha chini, tukaitazama bahari kwa dakika kumi kamili. Hapo ndipo nilipoanza kuona thamani ya fedha yangu. Upande ule mwamba uko mbali, na mawimbi makubwa huvunjika huko nje yakionekana kama mstari mweupe. Yanayovuka huingia ndani yakiwa yamepungua nguvu, na maji yakiwa yamejaa huinuka tena kidogo karibu na mchanga. Aliniambia niyahesabu. Hayaji sawasawa, huja makundi makundi, madogo kadhaa, kisha matatu au manne yenye nguvu, kisha utulivu. Akanionesha mahali ambapo ule mstari mweupe umekatika, palipo na rangi ya buluu iliyokoza na maji yaliyolala. Akaniuliza kama mahali pale panafaa kuogelea. Nikamjibu kwamba panaonekana ndipo penye usalama zaidi kuliko kwingine kote. Akasema, "Mwalimu, pale ndipo mlangoni. Maji yote unayoyaona yakiruka mwamba kuingia huku, njia yake ya kutoka ni pale. Yakianza kupwa hayamngoji mtu."

Kisha akanionesha mashamba ya mwani ya kina mama wa kijiji, ambayo wakati wa maji makubwa huwezi kuyaona kwa kuwa vigingi vyake vimezama. Hatukuruhusiwa kuyakaribia, kwanza kwa sababu kigingi kinaweza kumchoma mtu anayeanguka, na pili kwa sababu mwani ule ni chakula na ada ya shule ya watu. Na tulianza saa moja asubuhi, si kwa kupenda kuamka mapema, bali kwa sababu ilikuwa siku ya sita ya mwezi mwandamo, bamvua limepita, na maji yangejaa karibu na saa tatu bila nguvu kubwa. Tena baadaye upepo wa Kusi ungekaza na watu wa tiara wangetanda majini. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa darasa mwaka baada ya mwaka nikichora jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, nikieleza bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, na wanafunzi wangu wakajibu mitihani na kufaulu. Sikuwahi kumwambia hata mmoja wao ni saa ngapi ya siku gani aingie baharini na saa ngapi atoke.

Majini tulikaa dakika arobaini na tano. Yeye alisimama nyuma akishika mkia wa ubao, mimi nimelala juu yake nikitazama ufukwe, na kila lilipokuja povu la wimbi lililokwisha kuvunjika aliniambia nipige mikono, akanisukuma, na wimbi lilipoushika ubao akapaza sauti: "Simama!" Nilianguka mara nyingi. Baada ya kila anguko alinieleza kosa moja tu, wala si mawili: mara hii ulitazama miguu, mara hii mikono ilishika kingo badala ya kukaa juu, mara hii uliinuka goti kwanza. Katika mara ya kumi na mbili nilisimama. Sikupita sekunde saba, na wimbi lenyewe halikuzidi magoti ya mtu mzima, lakini naikumbuka kila sekunde: povu likichemka nyuma ya visigino vyangu, mchanga wenye mikunjo ukipita chini ya maji maangavu, na mume wangu amesimama pale ufukweni na viatu vyangu mkononi. Nilipotelemka kwenye maji ya magoti nililia. Sioni haya kuyaandika haya. Tangu utotoni nilikuwa nimeambiwa kwamba maji yanapojaa mimi niondoke, na siku ile yalikuwa yanajaa na mimi nimo.

Tulitoka mara maji yalipotulia kujaa. Nilimwomba dakika kumi za ziada, nikiwa tayari kuzilipia, akakataa, maana maji yalikuwa karibu kuanza kupwa. Alisema pia kwamba kikundi cha watu watano kisingeweza kufundishwa hivyo na mtu mmoja, kwa kuwa macho yake ni mawili na mwanafunzi mmoja tu akichukuliwa na maji wengine wanne wamebaki bila mtu. Ndiyo maana mafunzo ya mtu mmoja yana bei yake. Unacholipia hasa ni yale macho.

Sasa nije kwenye hoja ya asili. Msomaji mwenzangu anasema huu ni mchezo wa Wazungu. Waliofikisha sanaa hii kwenye ukamilifu wake ni wenyeji wa visiwa vya Hawaii, machifu na watu wa kawaida, wanaume kwa wanawake, na katika karne ya 19 wamisionari waliotoka Marekani ndio waliokuwa wakiikunjia uso. Mtu aliyeutangaza mchezo huo duniani alikuwa mwenyeji wa huko, Duke Kahanamoku, aliyezaliwa mwaka 1890 na kushinda medali ya dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912. Na katika bara letu, mwaka 1834 msafiri mmoja kutoka Uingereza aliandika kwamba aliwaona vijana wa Accra wakiogelea kwenda nje na vipande vyepesi vya ubao chini ya matumbo yao, wakangojea wimbi, wakarudi nalo. Nani aliwafundisha? Hata hapa kwetu, mtu akae Msangamkuu jioni wakati wa Kusi atawaona wavulana wamelalia vipande vya mbao, madumu matupu na mabaki ya mitumbwi, wakirudishwa pwani na povu. Hawana jina la mchezo wao. Vijana wa Unguja husema kusefu. Mimi naona kupanda wimbi panatosha, na ni Kiswahili.

Kuna jambo moja katika maisha ya Kahanamoku ambalo ningependa kila diwani wa pwani alijue. Mwezi Juni mwaka 1925, katika pwani ya California, mashua ya wavuvi ilipinduliwa na mawimbi mazito mbele ya macho yake. Aliingia na ubao wake, akaenda na kurudi mara tatu, na peke yake akaokoa watu wanane. Baada ya hapo waokoaji wa huko walianza kuuchukua ubao kama chombo cha kazi yao. Kwangu mimi hapa ndipo penye jibu kwa wanaosema ubao ni kitu cha starehe. Mtumbwi unahitaji kufunguliwa, kushushwa na watu wawili na kupigwa kafi; ubao unabebwa kwapani na msichana wa miaka kumi na mitano, unaelea hata ukipinduliwa, na mtu anayezama akiushika hawezi kumzamisha aliyemletea.

Miaka minne iliyopita tulimzika mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Alikwenda na wenzake kuogelea siku ya bamvua, wakaingia maji yakiwa yamejaa, na walipokuwa bado wanacheza yakaanza kupwa. Wenzake walisimulia kwamba hawakuona wimbi lolote la kutisha. Walimwona tu anakwenda mbali huku uso wake umeelekea kwao na mikono inapiga maji kwa nguvu zote. Alikuwa akishindana na mkondo. Mmoja alijitupa kumfuata, naye akaokolewa na mzee aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake. Pale Paje nilifundishwa kwa dakika mbili la kufanya: usishindane na maji yanayokuvuta, jilaze ueleelee upate pumzi, inua mkono, kisha uogelee kwa kufuata ufukwe, yaani pembeni, mpaka utoke katika njia ya mkondo, ndipo urudi. Dakika mbili, Ndugu Mhariri. Nilimfundisha mtoto yule ramani ya mikondo ya bahari zote za dunia, na hilo sikumfundisha kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Siku hiyo hupita hapa kwetu kama siku nyingine.

Bahari yetu si ya Hawaii, na wanaotangaza kwamba Kusini mwa Tanzania patakuwa kituo cha mabingwa wa mawimbi wanaahidi wasichokijua. Mtu aitazame ramani. Mtwara iko katika nyuzi 10 hivi kusini mwa Ikweta, na kisiwa cha Madagaska kimelala upande wetu wa kusini-mashariki, ncha yake ya kaskazini ikifika karibu nyuzi 12. Mawimbi marefu yanayozaliwa katika bahari ya kusini ya mbali hukutana na kisiwa hicho kabla ya kutufikia sisi. Tunayoyapata zaidi ni mawimbi ya upepo, mafupi, yenye nguvu ya wastani wakati wa Kusi. Kwa bingwa ni upungufu, kwa mtoto anayejifunza ni neema. Tulicho nacho kwa wingi ni mikondo. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unakuja kutoka mashariki na kugonga mwambao wa Afrika karibu na Rasi Delgado, jirani kabisa na mpaka wetu, na hapo unagawanyika, tawi moja likishuka Msumbiji na jingine likipanda kaskazini kupitia mbele yetu, tena kwa kasi zaidi wakati wa Kusi. Ongeza hapo maji ya Mto Ruvuma, na milango myembamba ya ghuba zetu inayopitisha maji mengi kwa saa chache mara nne kwa siku. Mwalimu atakayeletwa kutoka nje na kukodishiwa ufukwe Msimbati bila kumuuliza mvuvi wa Msimbati atazika watu.

Hapa ndipo ninapoirudia ile hofu ya kufukuzwa dikoni, na hapa nakubaliana na ndugu yangu wa Lindi kabisa. Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 lenye vijiji ndani yake, na watu wa vijiji hivyo wamekwisha kuvumilia makatazo mengi kwa ajili ya matumbawe na samaki. Kuwaongezea mabanda ya watu wa mawimbi yanayowazuia kupandisha mitumbwi yao itakuwa dhuluma. Mafunzo yakianzishwa, mahali na saa zake zipangwe na vikundi vya BMU, vile vya wavuvi wenyewe vya kusimamia uvuvi na fukwe zao, si na mtu aliyekaa ofisini na picha ya ufukwe. Kina mama wanaokusanya pweza na chaza maji yakikupwa wasikute mtu amewakatia njia. Na mwalimu wa mchezo huu, awe mwenyeji au mgeni, asiruhusiwe kumwingiza mtu majini kabla hajathibitisha mbele ya watu wanaojua kwamba anaweza kumtoa mtu anayezama na kumpa huduma ya kwanza ya kupumua. Vyuo vya VETA tunavyo, Mtwara na Lindi pia. Vinafundisha umeme, ushonaji na ufundi magari. Sioni kwa nini uokoaji wa baharini usifundishwe katika miji miwili inayotazamana na bahari.

Lakini haya ya mtalii si ya kuanzia. Ningeomba Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara Mikindani ianze na watoto wa shule za msingi zilizo pwani, darasa la tatu na la nne, wavulana na wasichana, wasichana wakiwa na mwalimu wa kike na mavazi yanayowaridhisha wazazi wao. Bwawa la kuogelea halihitajiki. Kinachohitajika ni kalenda ya mwezi, mvuvi mmoja mwenye mtumbwi anayelipwa posho yake bila kuzungushwa, mwalimu aliyefundishwa, na asubuhi za maji mafu, ambazo hazipungui mara mbili kila mwezi. Mtoto aelee kwa kuhesabu sitini. Ajue mlango wa maji uko wapi katika ufukwe wa kwao. Ajue kutoka kwenye mkondo kwa pembeni. Halafu apewe ubao alalie, apelekwe na povu, na siku moja atasimama mwenyewe, na miaka kumi baadaye mtalii atakapokuja Mtwara kutafuta mwalimu wa mawimbi, mwalimu huyo atakuwa amekwisha kupatikana, na atakuwa mtoto wa Msangamkuu.

Kabla ya kuondoka Paje nilinunua kwa yule kijana ubao wake mmoja wa zamani, wa sponji, uliochanika ukingo. Ulisafiri kwa boti hadi Dar es Salaam na kwa basi hadi Mtwara, nikaulipia kama mzigo. Tangu mwezi Julai, kwa idhini ya maandishi ya wazazi, nimekuwa nikienda nao Shangani na wasichana watatu wa shuleni kwetu kila maji mafu, na mzee mmoja mvuvi, rafiki wa marehemu baba, hukaa kwenye mtumbwi wake upande wa kina akitutazama. Hatujafika mbali. Wawili wanaelea mpaka sitini, mmoja amefika arobaini na tano.

Jumamosi ijayo itakuwa siku ya saba ya mwezi mwandamo na maji yatajaa kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Tutakuwa Shangani kuanzia saa mbili. Kama ndugu yangu wa Lindi ataweza kupanda basi la alfajiri, aje na binti yake. Ubao ni mmoja, lakini tunapokezana.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
Shangani, Mtwara